Kuku Niliyempelekea Bosi wa Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alirudi nyumbani Itaka siku ya Jumatano, saa nane mchana, na mabegi mawili, ndoo ya vyombo, na godoro lililofungwa kamba. Nilikuwa uani napepeta maharage. Mtu aliyekuja kumsalimia bibi yake tu habebi godoro. Nikaweka ungo chini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani kakufukuza?"

"Bibi, hata sijakaa."

"Haya kaa. Nani kakufukuza?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mtu mzima, akasema kazi imeisha. Bosi aliwaita watu sita Jumatatu asubuhi, akawaambia mizigo imepungua, waende nyumbani, barua zitafuata. Akanitajia na wenzake watano, jina, baba na babu, maana anajua mimi nikitajiwa mtu bila ukoo wake naona kama sijatajiwa kitu.

Majina hayo ninayo mpaka leo. Ninayo ya wote waliomo katika habari hii, hata la mlinzi wa getini. Lakini sitayaandika. Wenyewe wako hai, na watoto wao wanajua kusoma.

Huyu mjukuu ni msichana, mtoto wa binti yangu wa pili, ambaye ni marehemu. Nimemlea tangu hajaota meno. Alisoma mpaka chuo, akapata kazi Tunduma kwenye kampuni inayoandaa karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia. Alikaa kazini hapo miaka mitatu, na kila Krismasi alikuja na kitenge changu.

Sasa niambieni nyinyi. Mizigo imepungua? Tunduma naijua. Nimeuza maharage pale tangu mpaka ni kamba na askari wawili, naagana na wateja kwa Kibemba na nahesabu kwacha bila kusaidiwa. Mwezi huohuo nilikuwa nimepita, malori yamejipanga barabarani mpaka unachoka kutazama, madereva wanapika ugali chini ya matela. Malori yapo, karatasi za malori ziishe vipi?

Halafu lile gari. Lilikuwa jeupe, likasimama kule kwenye migomba ya jirani, si mlangoni kwangu. Akashuka kijana mwanamume, akamtwika mjukuu wangu godoro, akageuza gari akaondoka. Hakuja kunisalimia. Nikajiuliza, kwa nini hakuja?

Mnisamehe, lakini nina sababu ya kuwa hivi. Mama yake naye alikuja hivihivi. Alikuwa akiuza duka Mlowo, akarudi na sanduku lake akaniambia duka limefungwa. Nilimwamini. Baada ya miezi miwili nikapita Mlowo, nikakuta duka liko wazi na msichana mwingine amesimama mle ndani anapima sukari. Mwanangu alikuwa ameacha kazi mwenyewe kwa ajili ya dereva mmoja. Yaliyofuata sina haja ya kuyasema, mtoto niliyemlea ndiye majibu.

Kwa hiyo nilimuuliza tena Alhamisi, tukichambua kahawa. Akajibu kazi imeisha, bosi amewaachisha. Nikamuuliza Jumapili tukitoka kanisani, nikitegemea kwamba njia ya kanisani haimpi mtu nafasi ya kusema uongo. Akajibu vilevile.

"Lakini usihofu, bibi," akaniambia. "Kuna fao la kukosa ajira. Miaka yote mitatu nilikuwa nakatwa kwenye mshahara naingiziwa kwenye mfuko. Mtu akiachishwa, mfuko unamshika mkono kwa miezi kadhaa huku anatafuta kazi nyingine."

"Na akiacha mwenyewe?"

"Akiacha mwenyewe hapati. Ni la aliyeachishwa tu."

Hapo ndipo niliposhtuka zaidi. Kumbe ana faida ya kusema ameachishwa! Nikamtazama anavyotembea mbele yangu na viatu vyake mkononi, nikaona mgongo wa mama yake.

"Na mfuko ukikataa?"

"Ukikataa naenda Saza. Rafiki yangu anapikia wachimbaji kule kwenye mashimo ya dhahabu, anataka mtu wa kumsaidia. Ameshaniambia nije hata kesho."

Saza! Mtoto wa chuo akapike ugali kwenye maturubai, katikati ya wanaume wasiojua leo ni Jumanne au Ijumaa. Nilijua akienda huko simpati tena yule niliyemlea. Sikulala vizuri siku hizo. Jumatatu nikamuuliza mara ya nne, tukipukuchua mahindi, naye akanijibu bila kuinua macho, neno kwa neno kama mwanzo. Mimi nikasema moyoni, jibu lisilobadilika hata kidogo limekaririwa.

Kwetu mtoto akitoka kwa watu aliokuwa akikaa nao, wazee wake huenda kushukuru. Akiwa ametoka vibaya, kwa kiburi au kwa kutoroka, wazee huenda na kuku wakamwombee radhi, ili mwenye nyumba asibaki na kinyongo. Kinyongo cha mtu uliyekula kwake kinakufuata. Mimi mwenyewe niliwahi kuombewa radhi hivyo, nilipotoka kwa shangazi bila kuaga.

Basi nikajua la kufanya. Bosi akisharidhika, nilifikiri, atamrudisha kazini, na habari ya Saza itakufa. Ijumaa nikamwambia mjukuu nakwenda Tunduma kuonwa macho. Nikamfunga miguu tetea wangu mwekundu, yule mwenye kutaga, nikapima sado moja ya maharage ya njano, nikaondoka.

Ofisi iko nyuma ya kituo cha mafuta. Mlinzi akauliza kuku ni wa nani, nikamwambia si wake. Mle ndani kulikuwa na karani wa kike mwenye kucha ndefu nyekundu. Nikamwangalia sana, nikasema labda huyu ndiye mchawi wa mambo yote. Nilikuwa namshuku kila mtu siku ile. Dereva wa bodaboda nilimshuku kwa kunizungusha. Hata soda waliyonipa niliwaambia waifungulie mbele yangu.

Bosi alikuwa mtu wa makamo, mpole, alinipa kiti chake mwenyewe.

"Karibu sana, bibi. Umekuja kwa shida gani?"

"Nimekuja na kuku, baba. Mtoto wangu amekaa kwako miaka mitatu, umemlea. Sasa ameondoka, naona ameondoka bila adabu. Watoto wa siku hizi. Nakuomba umsamehe, usiweke moyoni."

Bosi akamtazama karani, karani akamtazama yeye. Nikaliona hilo jicho. Nililiona kabisa! Lakini nikadhani wanashangaa kuona bado kuna wazee wanaojua utu.

"Bibi," akasema, "umefanya jambo la kiungwana. Mimi sina kinyongo. Mtoto aliamua mwenyewe, nimemtakia heri. Ila sisi wa ofisi kila kitu tunaandika. Tuandike kidogo kwamba umefika?"

"Andikeni, baba."

Karani akaandika kwenye mashine, karatasi ikatoka. Akauliza kama nitaweka dole gumba. Dole gumba! Nilimwambia lete kalamu. Nilisoma mpaka la tatu, na elimu ya watu wazima nilihudhuria bila kukosa, jina langu naandika lote, hata la babu. Na sikutia saini kama kipofu. Nilivaa miwani nikaisoma karatasi ile polepole, kidole chini ya kila neno. Iliandikwa kwamba mimi, bibi mzaa mama wa fulani, nimefika kumwombea radhi mjukuu wangu kwa kuacha kazi. Nikaitafuta hila, sikuiona. Kila neno lilikuwa ni langu. Uongo uliokuwemo nilikuja nao mwenyewe kutoka Itaka, pamoja na kuku.

Nikaandika jina. Kuku akabaki.

Nyumbani sikusema kitu. Nikangoja simu ya kumwita mjukuu kazini. Haikuja. Wiki zikapita, yeye akawa anahangaika na fomu zake. Fomu ile ina mahali pa mwajiri kujaza, na kila akienda Tunduma bosi hayupo, kesho, keshokutwa. Mwishowe bosi akajaza, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko.

Siku mjukuu aliporudi kutoka Vwawa kuulizia majibu, hakunisalimia. Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akatoa simu, akaifungua picha.

"Wamekataa, bibi. Mwajiri amejaza kwamba nimeacha kwa hiari yangu. Nikamwambia afisa huo ni uongo. Akaniambia, dada, hata familia yako inajua, kuna barua hapa. Nikamwomba niipige picha."

Nikaiona. Nikaona na herufi yangu ya s, ambayo mpaka leo huwa inaangalia kinyume.

"Watu wa siku hizi wanaweza kuiga mwandiko wowote," nikasema.

"Bibi."

"Wana mashine."

"Bibi. Kuku mwekundu yuko wapi?"

Nilikuwa nimemwambia amechukuliwa na kicheche. Sikuwa na pa kwenda. Nikamweleza yote, ya macho, ya sado ya maharage, ya soda. Nilidhani atalia au atapiga kelele. Hakufanya hivyo. Aliuliza swali moja tu:

"Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara nne. Nilikujibu mara nne."

"Lile gari jeupe…"

"Gari gani? Yule mwenzangu? Yule ni mmoja wetu, bibi! Nilikutajia jina lake siku ile ile. Naye godoro lake lilikuwa kwenye buti."

Akasimama akaingia ndani. Nikasikia zipu ya begi. Nilipochungulia, alikuwa anakunja nguo za kwenda Saza. Alisema ataondoka Jumatatu.

Nilikaa na jambo lile siku nzima. Nataka niseme ukweli: hata hapo kipande kimoja cha moyo wangu kilikuwa bado kinauliza, je, na kama kweli aliacha? Ni ugonjwa. Lakini niliona jambo moja waziwazi. Kama aliacha au hakuacha, mimi sikujua, na nilikuwa nimetia saini kama mtu anayejua. Asubuhi nikamwambia, "Kabla ya Saza nipeleke Vwawa, kwa huyo afisa wako."

"Ukaseme nini?"

"Nitajua nikifika."

Alimpigia simu yule mwenzake wa gari jeupe, akatukuta nje ya ofisi ya mfuko, maana naye fomu yake ilikuwa imekataliwa. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi. Akanisalimia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo bibi. Siku ile sikuja kukuamkia, nisamehe. Nilikuwa nimelia njia nzima, nikaona aibu bibi wa watu anione."

Nikamwambia marahaba mara mbili.

Afisa alikuwa dada wa umri wa mjukuu wangu, miwani imeshuka puani, anatabasamu kila neno. Nikaanza kumshuku kwa nini anatabasamu. Kisha nikajikemea, nikakaa.

"Bibi, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Nilipewa soda."

Akajikaza asicheke. "Siku mjukuu wako alipoondoka kazini, ulikuwepo?"

"Nilikuwa Itaka."

"Nani alikuambia ameacha mwenyewe?"

"Hakuna."

"Yeye alikuambiaje?"

"Kwamba ameachishwa."

"Sasa hii uliisaini kwa kutegemea nini, bibi?"

Mjukuu wangu alikuwa anatazama kalenda ya ukutani, kama mtu anayetafuta sikukuu. Nimewahi kusimama mbele ya kanisa zima kuungama, haikuwa ngumu kama hapo.

"Nilimshuku," nikasema. "Sikumwamini mtoto wangu, nikampelekea bosi wake kuku."

Dada akaandika. Nikamuuliza ameandika nini, akanisomea: shahidi hakuwa na taarifa yoyote ya mjukuu wake kuacha kazi. Nikamwambia aongeze kwamba mtoto aliniambia ukweli mara nne. Akaongeza. Nikaomba nisome mwenyewe, na safari hii nilisoma mara mbili kabla ya kuweka jina.

Kisha akatueleza. Maneno yangu yanaiondolea nguvu ile barua, lakini hayathibitishi kwamba mtu ameachishwa. Fao hili linataka ithibitike kwamba ajira imekatishwa na mwajiri, na hapa hakuna barua ya kuachishwa. Kuna mjukuu anasema hivi, mwajiri anasema vile. Hao wengine wako wapi?

Mjukuu akasema simu za wawili hazipatikani, mmoja amevuka kwenda kufanya kazi Nakonde, mwingine yuko kwao Ikinga. Wawili waliobaki hajui kama walijaza fomu.

"Nipeni majina yao yote matatu-matatu, nitazame kwenye kompyuta."

Mjukuu na mwenzake wakaanza kusaidiana, la kwanza na la mwisho, la katikati wanakisia. Mimi nikawatajia. Yule wa Ikinga na babu yake, yule wa Nakonde, na wale wawili ndugu wa upande mmoja wa Mbozi, wote kama nilivyotajiwa uani siku ile ya godoro. Dada akawa ananitazama huku anabonyeza.

Akaacha kubonyeza. Akasogeza miwani.

"Wawili wapo. Walileta fomu, zikakataliwa na mwenzangu wa dirisha lile. Sababu ya mwajiri, kuacha kazi kwa hiari. Tarehe ni moja na ya kwenu nyinyi." Akahesabu kwa kalamu. "Watu wanne kati ya sita, ofisi moja, siku moja, wote kwa hiari yao."

"Labda walikuwa na harusi," nikasema.

Yule kijana alicheka mpaka akakohoa. Mjukuu wangu hakucheka, lakini aliacha kutazama kalenda.

Dada akatuonya tusishangilie. Suala litakwenda kwa afisa kazi, mwajiri ataitwa, wale wawili wataitwa pia, na inaweza ikachukua muda. Tulipotoka nje yule kijana akauliza kwa nini bosi ahangaike kusema uongo, fao si linatoka kwenye mfuko, halitoki mfukoni kwake? Mjukuu akamjibu kwamba unayemwachisha ana haki ya notisi na kiinua mgongo, unayesema ameacha mwenyewe anaondoka na ndoo yake ya vyombo. Nikaelewa kwa nini siku ile bosi na karani walitazamana. Walikuwa wanatafuta karatasi, na mimi nimewaingilia mlangoni na kuku juu.

Jumatatu hakwenda Saza. Hakusema amebadili mawazo, alisema anangoja kidogo. Begi likabaki limefungwa mlangoni mwa chumba chake, kila nikifagia nalizunguka. Tuliongea ya kahawa, ya mvua, ya chumvi imeisha. Akienda kisimani alisema, "Bibi, nakwenda kisimani, nitapitia kwa mama mchungaji, nitarudi saa kumi." Zamani alikuwa anasema, "Nakuja." Mwanzo nilifikiri ni heshima. Ilinichukua siku kadhaa kujua kwamba ananipa ushahidi.

Bosi aliitwa. Nasikia alikwenda na wakili, akaulizwa barua za watu sita za kuomba kuacha kazi ziko wapi, akasema anazitafuta. Nasikia tu, sikuwepo, na siku hizi nasema hivyo ninapokuwa sikuwepo.

Majibu yalikuja nikiwa jikoni naonja mboga. Mjukuu akaingia, akasema, "Limekubaliwa, bibi. Wamekubali kwamba tuliachishwa."

Mungu anisamehe. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nionyeshe."

Lakini simu ilikuwa tayari imewashwa mkononi mwake, ujumbe uko wazi, maandishi ameyakuza makubwa ili niweze kusoma bila miwani. Aliyatayarisha kabla ya kuingia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Nikasoma neno kwa neno mpaka mwisho, nikamrudishia.

"Nimeona," nikasema. "Sikuwa na maana ya…"

"Najua, bibi."

Akakaa pale pale kwenye kigoda, akampigia rafiki yake wa Saza kumwambia haji, asimsubiri, atafute msichana mwingine. Alipopokelewa aliigeuza simu, akaweka sauti kubwa, akaishika katikati yetu, ili nisikie maneno ya pande zote mbili. Sikuwa nimemwomba. Na sikumwambia aizime.